Pipa moja halitoshi: kuonja bia kali za mapipa nikiwa Nakuru

Ukimwambia mtu hapa Nakuru kwamba bia uliyommiminia imechanganywa, kwanza ataweka glasi chini akuangalie vizuri. Na simlaumu. Nchi hii tumezika watu kwa sababu ya pombe iliyotiwa methanoli, 2014 wengi walikufa na wengine wakabaki vipofu, na hata tukiacha hayo mambo mazito kila mtu ashawahi kuuziwa maziwa yenye maji ama asali iliyoongezwa sukari, hivo tukiskia kitu kimechanganywa tunajua kuna mtu anataka kutuibia.

Lakini kuna bia ambazo kuchanganywa ndio kazi yenyewe, ustadi wote umekaa hapo, na bila hiyo kazi zingekuwa tu pombe kali yenye harufu ya mbao. Ni eli kali, yaani bia nzito za jamii ya stauti, zilizozeeshwa kwa mapipa alafu zikablendiwa, yaani zikachanganywa. Nimezipenda kwa miaka kadhaa sasa, zinanifikia kupitia mikoba ya watu wanaosafiri, hasa dadangu anayeishi California, na nikipata chupa siinywi peke yangu, naita watu wachache nyumbani Jumamosi jioni tukae nayo.

Kwanza tuelewane ni bia za aina gani. Tusker ya kawaida ni asilimia 4.2 ya alkoholi. Guinness ile tunakunywa hapa ni 6.5. Sasa hizi zinaanza kwa 9 hivi na zinapanda hadi 13, saa zingine zaidi, na bado ni bia, yaani maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoleta uchungu) na hamira. Anayepika anatumia kimea kingi sana kwa maji kidogo, supu inatoka nzito na tamu, hamira inakula ile sukari mpaka inachoka, na utamu unaobaki ndio unakuwa mwili wa bia. Kuna stauti nyeusi nzito zenye shayiri iliyokaangwa, kuna barliwaini ambayo licha ya jina haina zabibu hata moja, ina rangi ya shaba na utamu wa sukari nguru, na kuna eli za kahawia zinazokaa katikati. Kila moja inaweza kuingia kwa pipa, na pipa ndilo linaleta raha na linaleta shida.

Mapipa mengi yanatoka kwa burboni, ile wiski ya Marekani. Sheria ya Marekani inasema burboni lazima ikae kwa chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kipya kabisa, hivo pipa likishatumika mara moja haliwezi kutengeneza burboni tena na mara nyingi linauzwa. Wengine wanapeleka Uskochi kwa wiski, wengine wanauzia watu wa bia. Kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilifanya hivo miaka ya tisini, Greg Hall akachukua mapipa ya Jim Beam akamimina stauti nzito ndani, ikatokea Bourbon County Stout na viwanda vingine vingi vikafuata. Pipa la kawaida linabeba karibu lita 200, na mbao yake bado imeloa burboni, hata ukilimwaga lote kuna kinywaji kimejificha ndani ya ubao na bia itakivuta polepole, ndio maana bia inaweza kutoka kwa pipa ikiwa kali kuliko ilivyoingia.

Mwaloni mweupe wa Marekani una tabia yake. Unatoa harufu ya vanila, na unatoa harufu ya nazi, nazi kabisa, ile ya wali wa nazi ukifunua sufuria, na hiyo inatokana na vitu kwa mbao vinavyoitwa laktoni. Pale ndani palipochomwa panaleta tofi na moshi kidogo. Na kuna tanini, ule ukavu unaokausha ulimi kama chai iliyokaa sana na majani. Alafu mbao inapitisha hewa, si nyingi, lakini miezi kumi na mbili ni mirefu, na hewa hiyo kidogo ndio inageuza utamu mbichi kuwa tende na zabibu kavu. Hewa ikizidi, unapata karatasi iliyoloa, ama mbaya zaidi, bakteria wa siki wanafurahia na pipa lako lote linakuwa la kutengenezea kachumbari.

Mapipa mawili hayafanani hata siku moja. Unaweza kuchukua bia ileile, siku ileile, ukajaza mapipa hamsini yaliyotoka kiwanda kimoja cha burboni, ukayapanga ghala moja, na baada ya mwaka moja litakuwa na nazi nyingi mno, lingine litakuwa tambarare halina kitu, lingine limekaa karibu na mlango likapata joto na limezeeka mbele ya wenzake, lingine limekuwa chachu kidogo. Mtu asiyechanganya anabaki na hayo mapipa hamsini na bahati yake. Anayechanganya anaonja kila moja, anaandika, anatupa yale ya kutupwa (na lazima kuna ya kutupwa, hilo halina mjadala) alafu anaanza kutafuta nani anaenda na nani.

Hili mimi nililielewa haraka kwa sababu ya chai. Baba alifanya kazi kwa kiwanda cha chai upande wa Kericho na nimemwona mezani na wenzake, vikombe vyeupe vimepangwa mstari mrefu, kila kimoja na chai ya siku tofauti, wanachota na kijiko wanavuta kwa kelele shwaaa mpaka hewa inaingia pamoja na chai, alafu wanatema na kuendelea. Chai yetu inauzwa kwa mnada Mombasa kila wiki, huo mnada ulianzia Nairobi 1956 ukahamia Mombasa 1969, na wanunuzi wengi hawatafuti jani moja la kunywa peke yake, wanatafuta rangi kutoka kwa shamba hili, nguvu kutoka kwa lile, harufu kutoka kwa lile lingine la juu kwenye baridi. Pakiti moja ya chai kule Uingereza inaweza kubeba majani ya mashamba mengi na hakuna anayeiita chai ya wizi. Mtu wa blendi ndio anaheshimiwa kuliko wote pale.

Kwa bia, waliofanya hii kazi hadharani kuliko wengine ni Firestone Walker wa Paso Robles, California. Kiwanda kilianzishwa 1996 na Adam Firestone na shemeji yake David Walker, na mpishi mkuu aliyekijenga jina ni Matt Brynildson. Paso Robles ni nchi ya mvinyo, mashamba ya zabibu kila upande, na watu wa mvinyo wanajua kublendi, ni kazi yao ya kila mwaka, pipa hili la zabibu hii na pipa lile la zabibu ile. Basi kiwanda kilipofika miaka kumi, 2006, waliamua kutengeneza bia ya sherehe iliyochanganywa kutoka kwa mapipa, wakaiita tu 10, na wakawaalika watengenezaji mvinyo majirani waje kuichanganya. Baadaye ikawa desturi. Watengenezaji mvinyo wanagawanywa vikundi, kila kikundi kinapewa bia za mapipa tofauti na vipimo, kinatengeneza blendi yake, blendi zote zinaonjwa bila watu kujua ni ya nani, na inayoshinda ndio inatengenezwa kwa wingi na kutiwa kwa chupa.

Mimi napenda sana hiyo picha ya mpishi kuwaita watu wa kazi nyingine waamue bia yake. Anayepika bia anaipenda kila moja kama mtoto wake, amejua ilivyomsumbua, ni ngumu kwake kusema hii toa. Mtu wa mvinyo hana hiyo historia, anachukua ile barliwaini uliyoilea mwaka mzima anasema weka asilimia tano tu, inatosha.

Na bia zenyewe zina majina na tabia. Kuna Parabola, stauti nzito ya shayiri na oti, nyeusi kama lami, imekaa kwa mapipa ya burboni. Kuna Sucaba, barliwaini, ambayo zamani iliitwa Abacus mpaka jina likaleta mgongano na kampuni ya mvinyo wakaligeuza kinyumenyume. Kuna Bravo, eli ya kahawia kali ambayo kazi yake kubwa ni kuingia kwa blendi. Kuna Helldorado, barliwaini ya rangi ya dhahabu, asali na ndizi mbivu. Kuna Stickee Monkee, tamu, nzito, na Double DBA. Ukizijua moja moja kabla ya kuonja blendi, utakuwa kama mtu anayesikiliza kwaya na anajua sauti ya kila mwimbaji.

Lakini msifikirie Wamarekani ndio waliovumbua. Waingereza walifanya hii zamani sana, na kwao ilikuwa biashara ya kawaida kabisa. Porta ya London, bia nyeusi ya wafanyakazi, ilikuwa inakaa kwa matangi makubwa ya mbao miezi na miezi mpaka inapata ukali fulani, alafu ile kuukuu ilichanganywa na mbichi kulingana na mteja anavyotaka. Matangi yalikuwa makubwa kupita kiasi, viwanda vilishindana nani ana kubwa zaidi, na tarehe 17 Oktoba 1814 moja likapasuka kwa kiwanda cha Meux karibu na Tottenham Court Road, bia ikafurika nyumba za maskini nyuma ya kiwanda na watu 8 wakafa. Nayo Guinness ya kupelekwa ng'ambo, kwa miaka mingi Dublin walikuwa wanaweka bia kwa matangi ya mbao mpaka inakuwa chachu, alafu kiasi kidogo kinaingizwa kwa bia mbichi ili kuipa makali. Hiyo ndio familia ya ile chupa nyeusi inayopendwa na wazee wengi wa hapa, hivo tunapozungumzia blendi hatuzungumzii mambo ya wageni peke yao.

Ile ladha ya bia kuukuu ilikuwa na mwenyewe. 1904 Niels Hjelte Claussen wa Carlsberg, Denmark, alieleza hamira aliyoipata kwa bia za Uingereza zilizokaa muda mrefu, akaiita Brettanomyces. Inafanya kazi polepole, inakaa ndani ya mbao ambapo hakuna sabuni inaifikia, na inaleta harufu ya ngozi na nyasi kavu. Ikiwa kidogo ni utajiri. Ikizidi unakunywa zizi.

Kwa Uingereza ya leo, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Greene King, Bury St Edmunds. Wana bia inaitwa Old 5X, asilimia 12, inakaa miaka 2 kwa matangi ya mwaloni, na juu ya mifuniko ya hayo matangi wanaweka udongo wa Suffolk kuzuia hewa na vijidudu vya nje. Fikiria hicho kitu, udongo wa shamba juu ya tangi la bia! Ikitoka pale ni kali, chachu, nzito, karibu kama mvinyo wa sheri, na kwa miaka mingi haikuuzwa peke yake. Inachanganywa na bia mbichi inayoitwa BPA, na inayotoka ni Strong Suffolk, asilimia 6. Kuna ladha ya chuma, kuna plamu, kuna mwaloni, na yote inateremka bila kukupiga. Ukionja utaelewa kwa nini nasema bia kuukuu inahitaji kijana wa kuishika mkono.

Sasa mezani.

Weita wa Kenya lazima akuulize, baridi ama moto? Vijana karibu wote wanasema baridi, na bado kuna wazee wanasema moto, yaani ile iliyokaa kwa kreti bila friji, na watu huwacheka. Kwa hizi bia wazee wako karibu na ukweli kuliko sisi. Bia ya asilimia 12 ukiitoa kwa friji na kuinywa hapo hapo unapata utamu na uchungu tu, harufu zote zimelala. Nyuzi 12 hadi 14 ndio pazuri, na Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, jioni ya Julai na madirisha wazi meza yenyewe inakusaidia, unatoa chupa kwa friji dakika arobaini kabla na unaiacha ipande yenyewe. Na usinywe yote ikiwa kwa joto moja, rudi kila baada ya muda, ju glasi hiyo hiyo inakuwa kitu kingine inapopata joto la mkono.

Glasi iwe ya tumbo na mdomo mwembamba, ile ya brandi ama ya mvinyo, zinapatikana supamaketi yoyote. Usiijaze. Kwetu ni mililita 60 au 70 kwa mtu, chupa moja inatosha watu wengi, na hakuna anayeendesha gari siku hiyo. Maji ya kunywa mezani, mkate mweupe usio na siagi, na hakuna nyama choma mpaka tumalize, hilo watu wanalalamikia lakini moshi wa nyama unafunika kila kitu.

Kwanza angalia, lakini usikae hapo sana. Rangi, kama mwanga unapita pembeni, povu likoje. Kwa bia kali povu huwa dogo na linaisha haraka, si dalili mbaya. Harufu ndio ukae nayo. Nusa ukiwa mbali, alafu karibu, alafu funika glasi na kiganja, zungusha, fungua unuse tena. Tafuta mbao kwanza kwa sababu ndio inayopiga kelele, vanila, nazi, burboni, ukishaitambua iweke pembeni na uulize, chini ya hii kuna nini? Hapo ndio utapata kahawa iliyokaangwa sana, ama molasi kama ile harufu inayokukaribisha ukipita Muhoroni, ama tende, ama maganda ya chungwa, ama ukwaju. Mtu mmoja meza yetu husema sukari nguru kila wakati na huwa yuko sawa.

Alafu vuta kwa kelele kama watu wa chai. Watu wanaona aibu mwanzoni, wanazoea. Hewa ikiingia na bia, harufu inapanda kwa pua kutoka nyuma ya koo na unaskia vitu ambavyo kunusa peke yake hakukuonyesha. Zungusha mdomoni, skia uzito, ni kama maziwa ama ni nyepesi? Meza. Sasa subiri, usiseme kitu, usichukue ingine, kwa hizi bia ladha inayobaki ndio inayosema ukweli. Pipa moja lisilochanganywa mara nyingi linaanza kwa nguvu na kuisha ghafla, ama linabaki na mbao kavu tu. Blendi nzuri inabadilika ikiwa inaondoka, kwanza chokoleti, alafu matunda, alafu mwaloni mwishoni kabisa, na huwezi kuonyesha mahali moja ilipoishia na ingine ikaanza.

Hivo ndio tulivyofanya na Parabola na Anniversary Ale, ile blendi ya sherehe ya Firestone, zikiwa mezani pamoja, dada alikuja nazo zote safari moja. Parabola kwanza. Ilikuwa kubwa, kahawa na chokoleti chungu na burboni imekaa mbele, watu wakanyamaza. Kila mtu aliipenda na kila mtu alichoka nayo kidogo kabla glasi kuisha, na hiyo ni kawaida, ni bia ya kelele moja. Alafu tukafungua Anniversary. Rangi ya kahawia iliyokolea inayoonyesha wekundu ukiishika mbele ya taa. Harufu ya kwanza ilikuwa zabibu kavu na tofi, mbao nyuma kabisa. Nikavuta, nikameza, na katikati, kwa muda mfupi sana, ikapita ile kahawa ya Parabola, naitambua kabisa, lakini sasa haikuwa imesimama mbele ya watu, ilikuwa imeshika tu ule utamu wa barliwaini usidondoke. Nikawaambia wenzangu rudieni, tafuteni hapo katikati. Binamu yangu ambaye hunywa Pilsner peke yake na alikuja kwa sababu ya nyama, akavuta, akafunga macho, akasema, "Iko. Imejificha nyuma ya zabibu." Nilifurahi vile sijui nieleze aje.

Kitu kingine mtu yeyote anaweza kufanya ni kublendi mwenyewe kwa glasi. Nunua sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano kwa kemisti. Chukua stauti ya pipa, tuseme ya asilimia 13, pima mililita 60. Ongeza 20 ya Guinness ya hapa. Umepata kitu cha asilimia 11 na kidogo, na kitakachokushangaza si nguvu kupungua, ni mbao kurudi nyuma na ukaange kuja mbele, na gesi ya Guinness kuamsha bia iliyokuwa imelala. Kwa ulimi wangu 20 ni nyingi, mwili unakonda. Kwa mililita 10 unabaki kwa 12 hivi na unapata ule uhai bila kupoteza uzito, na tofauti ya mililita tano tu juu ama chini inaskika. Ukifanya hivyo jioni moja utawaheshimu watu wanaofanya na mapipa mia, ju wewe ulikuwa na vitu viwili tu na ulizunguka saa nzima.

Nizungumzie na kuweka, ju watu wengi wakipata chupa nzuri wanaiweka vibaya. Hizi bia zinaweza kukaa miaka, lakini zinataka giza na ubaridi usiobadilika, kama nyuzi 13. Tulikuwa na chupa mbili za barliwaini moja, za mwaka mmoja, moja ikabaki kwangu chini ya ngazi, ingine shemeji akaenda nayo Kisumu akaiweka juu ya kabati la jikoni. Kisumu iko mita 1,130 tu na kando ya ziwa, joto la mchana kule mnalijua. Tulipokutana tukazifungua pamoja. Ya Nakuru ilikuwa tende, karanga za kukaanga, ngozi kidogo. Ya Kisumu ilikuwa na harufu ya karatasi na mchuzi wa soya, utamu wa molasi uliokufa, na mbao iliyokuwa inakauka mdomoni. Shemeji mwenyewe alisukuma glasi. Joto linafanya hewa iliyo ndani ya chupa ifanye kazi ya miaka kwa muda mfupi, na haifanyi vizuri. Kama unakaa Kisumu, Busia, Homa Bay, na hauna friji ya ziada, kunywa chupa yako mwaka huo huo. Na isimame wima, usiilaze kama mvinyo.

Kuna siku natamani hii kazi ifanyike hapa. Shayiri ya bia tunalima, panda Mau Narok wakati wa mavuno uone mashamba yalivyo. Tuna baridi ya kutosha huku juu kwa ghala la mapipa bila kulipa stima nyingi. Tuna watu wa chai ambao ndimi zao zimefunzwa miaka na miaka kuchagua na kuchanganya, na mimi naamini mmoja wao ukimketisha mbele ya mapipa ishirini ya eli kali angekupa blendi ya maana kabla ya saa sita. Kinachokosekana ni mtu mwenye pesa anayekubali kuziacha zilale kwa mbao mwaka mzima bila kuuza hata glasi moja, na kumwaga zilizoharibika.

Kwa sasa, kama una mtu anakuja kutoka Uingereza, usimwambie alete ile ya bei kubwa yenye sanduku. Mwambie alete Strong Suffolk mbili, akizipata dukani. Si ghali, ni asilimia 6 tu kwa hivyo haitakuangusha, na bia kuukuu na bia mbichi zote ziko ndani zinaskika. Moja fungua ukiwa na watu, muulizane kuukuu iko wapi na mbichi iko wapi. Ya pili iweke kwa giza. Na kama anatoka California, muulize Anniversary ya mwaka gani iko dukani, na aongeze Parabola moja kama mkoba una nafasi, ila azifunge kwa nguo vizuri.